ADN: namna ordinatere inatafuta mahali pa kuwashia jeni

Karibu kila chembe ya mwili inabeba ADN, maandishi marefu yenye herufi nne tu: A, C, G na T. Kwa mutu, herufi hizo ni karibu miliari 3, na ndani yake kuko jeni karibu 20.000 zenye kutoa maagizo ya kutengeneza proteini. Chembe ya ini na chembe ya ngozi ziko na maandishi mamoja. Tofauti yao ni hii: jeni gani imewashwa, na gani imezimwa.

Nani anawasha na kuzima?

Ni proteini za pekee zinazoitwa fakta za transkripsio. Mwili wa mutu uko nazo zaidi ya 1.500. Kila moja inashika ADN mahali penye neno fupi, mara nyingi la herufi 6 mpaka 12. Mufano ni GATA1, yenye kusimamia kutengenezwa kwa chembe nyekundu za damu. Jina lake linatokana na herufi inazotafuta: GATA.

Kazi ya programu

Programu hizi ziko na kazi mbili. Ya kwanza ni kugundua neno lisilojulikana. Mutafiti anaipatia vipande vingi vya ADN, nayo inatafuta neno lenye kurudia kupita ile bahati inaweza kuleta. MEME, ya Timothy Bailey na Charles Elkan wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, ilitangazwa mwaka wa 1994 na ingali inatumiwa.

Kazi ya pili ni kutafuta neno linalojulikana tayari. Programu FIMO inachukua jedwali lenye kuonyesha herufi gani inapendwa kwa kila nafasi, kisha inapitia ADN yote na kutoa pointi. Majedwali hayo yanapatikana bure ndani ya JASPAR, akiba ya data iliyoanza mwaka wa 2004.

Lakini kuko mutego. Neno la herufi 6 linaweza kutokea kwa bahati mara moja katika kila herufi 4.096. Ndani ya miliari 3, hiyo ni zaidi ya mara 700.000! Mengi hayafanye kazi yoyote. Kwa hiyo programu inatoa orodha ya kuchunguza; laboratwari ndiyo inaamua.

Herufi moja na malaria

Mwaka wa 1995, watafiti wa Ufaransa walionyesha kama kwa watu wengi wenye asili ya Afrika, neno AGATAA lililo mbele ya jeni ya Duffy limekuwa AGGTAA. GATA1 haishike tena hapo, na chembe nyekundu zinakosa proteini Duffy, ambayo ndiyo mulango mukubwa wa kimelea Plasmodium vivax. Hii ni sababu kubwa ya vivax kuwa haba Afrika ya kati na ya magharibi. Lakini Plasmodium falciparum, yenye kuua zaidi hapa Congo, inapita milango mingine. Kwa hiyo, moskitera ingali ya lazima.

Na drepanositoze je?

Kisha mutoto kuzaliwa, proteini BCL11A inazima himoglobini ya tumboni, ile ambayo ingemusaidia mugonjwa wa SS. Ndani ya chembe zenye kuzaa damu, GATA1 inasaidia kuwasha jeni ya BCL11A. Matibabu ya Casgevy, yaliyokubaliwa Uingereza na Marekani mwisho wa 2023, yanakata ADN palepale GATA1 inashika. BCL11A inapungua, himoglobini ya tumboni inarudi.

Bei yake Marekani ni dola milioni 2,2, na mugonjwa anapitia kwanza dawa kali za kuondoa chembe zake za zamani ndani ya mifupa. Familia za hapa hazifikie hapo. Chenye kusaidia leo ni kupima mutoto mapema, kumukinga na maambukizo, na hidroksiure pale munganga anaiandika.