Clark Kerr: Kiapo, Dhamiri na Uongozi wa Chuo Kikuu

Clark Kerr hukumbukwa zaidi kwa Mpango Mkuu wa Elimu ya Juu wa California wa mwaka 1960, uliowafungulia vijana wote wa jimbo hilo la Marekani mlango wa chuo cha namna fulani. Lakini anayetaka kumfahamu na aanzie kwenye kiapo.

Kerr alizaliwa mwaka 1911, akakulia shambani Pennsylvania. Akiwa mwanafunzi katika Chuo cha Swarthmore alijiunga na Marafiki, yaani Quaker, ambao kwa kushika Mathayo 5:33-37 hawaapi. (Wasomaji wetu wa Kenya wanawajua tangu Kaimosi.) Baadaye akawa mchumi wa mambo ya kazi na mpatanishi wa waajiri na wafanyakazi, na mwaka 1945 akaanza kufundisha Berkeley.

Mwaka 1949 Baraza la Chuo Kikuu cha California liliwadai watumishi wake waape kwamba wao si wakomunisti. Kerr alitia sahihi. Jambo hili tusilipite upesi, sisi tulio wepesi wa kuwasifu mashujaa. Hata hivyo, yeye aliyetia sahihi ndiye aliyesimama mbele ya Baraza kuwatetea waliokataa. Mwaka 1950 wahadhiri 31 walifukuzwa. Mwaka 1952 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaamuru warudishwe. Mwaka huohuo Kerr, aliyekwisha kuaminiwa na wenzake, akawa Chansela wa kwanza wa Berkeley, na mwaka 1958 Rais wa kampasi zote.

Kisha jaribu lilirudi kwa sura nyingine. Mwaka 1964 wakuu wa Berkeley waliwakataza wanafunzi kufanya kazi ya siasa langoni mwa kampasi. Kerr hakulitangua katazo hilo, na hapo, kwa maoni yangu, alipungukiwa na ujasiri wa mwaka 1950. Wanafunzi wapatao 800 walikamatwa. Wao walimwona mkandamizaji. Wanasiasa walimwona mlegevu. Gavana Ronald Reagan aliingia madarakani Januari 1967, na tarehe 20 mwezi huohuo Baraza likamwachisha Kerr kazi kwa kura 14 dhidi ya 8.

Mwaka 2002 gazeti moja lilifichua kwamba FBI, shirika la upelelezi, lilimpelekea Rais Lyndon Johnson mashtaka juu ya Kerr, ambayo lenyewe lilijua ni ya uongo, alipofikiriwa kupewa uwaziri. Kerr alikuwa hai bado, mzee wa miaka 91. Alifariki Desemba 2003.