Katagami: Ua Lililo Tundu

Neno la Kijapani katagami limeundwa kwa mawili: kata, umbo la kufuatishwa, na kami, karatasi; yakiungana, k hulainika ikawa g. Tungeweza kusema "karatasi ya ruwaza" tukaishia hapo, lakini fundi wa nguo hatapata faida. Wapo watakaosema chapa. Hapo nakataa. Chapa huacha rangi inapogusa. Katagami hupitisha rojo la unga wa mchele na pumba kwenye matundu yake. Rojo likikauka, kitambaa hutiwa rangi, kisha huoshwa. Lilipokaa rojo pamebaki peupe. Ua la cheri kwenye kimono, basi, ni mahali palipokatazwa rangi. Mtengeneza batiki ameshanielewa, maana nta yake hufanya kazi hiyohiyo.

Kwa hiyo nasema kiolezo cha matundu. Kiolezo kinatokana na kuoleza, kufuatisha mfano. Na matundu ndiyo yanayoamua ua liweje. Ukikizungushia kisu kitovu cha krisanthemamu pande zote, kitaanguka mezani. Mchongaji huacha vijia vyembamba vya karatasi vya kukizuia, ambavyo naviita vishikizo. Tazama plamu ya petali tano: mwanya kati ya petali na petali ni urembo, na papo hapo ni kishikizo. Visipotosha, mafundi wa Ise waliipasua karatasi tabaka mbili, wakatandaza nyuzi za hariri katikati, wakaibandika tena.

Karatasi hiyo ni ya nyuzi za gome la kozo, jamaa ya mforsadi, iliyogandishwa tabaka kwa tabaka kwa maji yaliyochachushwa ya tunda la kaki, ikafukizwa moshi. Ndiyo sababu ya rangi yake ya kahawia, na ya kutotepeta ikilowa.

Kitenzi cha kuyakata matundu nacho kina shida. Huko Shiroko, katika jimbo la kale la Ise, leo sehemu ya mji wa Suzuka, kiribori ni kutoboa kwa kuzungusha chuma chenye makali ya nusu duara, ilhali dogubori ni kugandamiza chuma kilichokunjwa umbo la petali: mara tano, ua limetimia. Mwaka 1955, Japani ilipowatunuku mafundi wa Ise hadhi ya hazina hai za taifa, kila mbinu ilihesabiwa peke yake. "Kuchonga" tupu kungezifuta zote. Naona kutoboa kwa ya kwanza, kupiga petali kwa ya pili.

Kitambaa cha kimono kina urefu wa takriban mita 12, na kiolezo huhamishwa tena na tena. Ua lililokatika ukingo wa chini hupata nusu yake kwenye ukingo wa juu.