Mondlane, Msomi Aliyewaunganisha Wamsumbiji Dar es Salaam

Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipiganwa Cabo Delgado, Niassa na Tete, lakini chama kilichoviongoza kilizaliwa Dar es Salaam, tarehe 25 Juni 1962. Tanganyika yenyewe ilikuwa na miezi sita tu ya uhuru. Vyama vitatu vya Wamsumbiji waliokuwa uhamishoni vilikuwa vikishindana, na kila kimoja kilikuwa na watu wake: MANU ya Wamakonde walioishi Tanganyika na Kenya, UDENAMO iliyoanzia miongoni mwa wafanyakazi wahamiaji huko Rhodesia, na UNAMI ya watu wa Tete walioishi Nyasaland. Mwalimu Nyerere aliwahimiza waungane. Ndipo ikazaliwa Frelimo, na aliyechaguliwa kuiongoza hakuwa wa chama chochote kati ya hivyo: Dakta Eduardo Mondlane.

Alizaliwa mwaka 1920 wilayani Manjacaze, mkoa wa Gaza, mtoto wa chifu, na utotoni alichunga mifugo. Elimu ilimhangaisha. Makaburu walimfukuza Afrika Kusini mwaka 1949 alipokuwa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, na huko Lisbon makachero wa Ureno hawakumpa nafasi ya kupumua. Akaenda Marekani, akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Northwestern, akafanya kazi Umoja wa Mataifa kisha akafundisha chuo kikuu. Maisha ya raha yalikuwa mkononi mwake. Aliyaacha, akahamia Dar es Salaam na mkewe Janet, Mmarekani.

Walikuwepo waliomshuku kwa sababu ya Marekani hiyo, na kwa sababu ya mke mzungu. Naona hawakumtendea haki. Mtu hupimwa kwa alichokijenga, na Mondlane alijenga shule kabla risasi ya kwanza haijalia. Taasisi ya Msumbiji, iliyoongozwa na Janet hapo Kurasini, ilisomesha vijana wakimbizi, wengi wao wakiwa hawajawahi kupata nafasi ya kupita shule ya msingi. Wakati huohuo vijana wengine, Samora Machel akiwa mmoja wao, walipelekwa Algeria kujifunza vita. Baadaye mafunzo yalihamia Kongwa na Nachingwea. Tarehe 25 Septemba 1964 kundi la Alberto Chipande lilishambulia kituo cha Wareno huko Chai, Cabo Delgado, na vita vikaanza.

Mtihani mkubwa zaidi ulitoka ndani ya chama. Katika maeneo yaliyokombolewa yalizuka maswali ambayo bunduki haiwezi kuyajibu: nani amiliki duka, mazao yauzwe kwa bei gani, faida iende wapi? Lázaro Nkavandame, kiongozi mkubwa wa Cabo Delgado, na wenzake walilaumiwa kwa kugeuza biashara ya umma kuwa mali yao. Kwa Mondlane hilo lilikuwa jambo zito kweli. Kama mkulima wa Mueda angenyonywa na Mwafrika mwenzake badala ya Mreno, basi damu ilikuwa imemwagika bure. Mwaka 1968 ulikuwa mchungu: wanafunzi wa Taasisi waligoma, ikafungwa, na mwezi Mei ofisi ya Frelimo jijini ilivamiwa. Mwezi Julai mkutano mkuu wa pili ulifanyika Niassa, ndani ya ardhi iliyokombolewa, na wajumbe wakamchagua tena.

Hakumaliza mwaka tangu achaguliwe tena. Tarehe 3 Februari 1969, katika nyumba ya rafiki yake huko Oyster Bay, alifungua kifurushi kilichokuwa na kitabu. Ndani ya kitabu mlikuwa na bomu. Alikuwa na umri wa miaka 48. Wiki chache baadaye Nkavandame alijisalimisha kwa Wareno.

Chama kiliyumba, makamu wake Uria Simango akaondolewa, Samora akashika usukani. Uhuru ulitangazwa tarehe 25 Juni 1975, miaka 13 kamili tangu siku ile ya Dar es Salaam, na mwaka uliofuata chuo kikuu cha Maputo kikapewa jina la Mondlane. Walimu wetu wa historia wanaomtaja kwa sentensi moja tu, kisha wakakimbilia kwa Samora, wampe kipindi kizima. Anastahili, na sehemu kubwa ya kazi yake aliifanyia hapa kwetu.