Mama wa Mtoto Huyu ni Nani?

Jioni moja hapa Kipese, baada ya mafundisho, walitujia mtu na mkewe. Miaka tisa imepita tangu wafunge ndoa kanisani, na nyumba yao haina mtoto. Walikuwa wamesikia kwamba huko Kampala wako waganga wa hospitali wawezao kumpatia mwanamke mimba kwa yai la mwanamke mwingine. Mume alitaka kuuza shamba lake apate dola za matibabu na nauli ya kupitia Kasindi. Mke hakusema neno, aliangalia chini tu. Wakatuuliza: "Mwalimu, je, ni dhambi?"

Swali kama hili halijibiwi kwa neno moja mlangoni. Tuliwaomba muda, tukatafuta katika vitabu. Leo tunawapa ninyi nyote tuliyoyapata, kwa maana nyumba kama ile yao ziko katika kila parokia.

Kwetu Wanande, jina la mtoto ni hesabu ya tumbo la mama yake. Mzaliwa wa kwanza akiwa mvulana huitwa Paluku, akiwa msichana huitwa Masika. Mvulana wa pili ni Kambale, na hesabu huendelea. Basi mwanamke asiyezaa hana hata pa kuanzia hesabu. Mbuzi za mahari zilitolewa ili ukoo upate watoto. Wasipozaliwa, jamaa za mume hunung'unika, mume hutafuta mke mwingine, na mke wa kwanza hurudi kwao kwa aibu. Ni wachache walioulizana kama mume mwenyewe ni mzima.

Historia ya nchi yetu imekwisha kuonyesha kosa la mawazo hayo. Tangu 1955 mpaka 1957, serikali ya Wabelgiji ilifanya uchunguzi mkubwa wa watu wa Kongo, vizazi na vifo vyao. Ikaonekana kwamba katika milima ya Kivu watoto walizaliwa wengi. Lakini katika sehemu kadhaa za Uele na za Tshuapa, zaidi ya mwanamke mmoja katika watano alifika uzee bila kuzaa hata mara moja. Watu walisema ni laana, wengine wakasema ni uchawi. Wataalamu walipochungua, waliona kwamba sababu kubwa ni magonjwa ya zinaa, na hasa kisonono. Ugonjwa huo hupanda tumboni mwa mwanamke, huacha makovu, na mirija ipitishayo yai huziba. Kwa mwanamume pia huweza kuziba njia ya mbegu. Baada ya vita kuu ya pili ilienea dawa ya penisilini, na miaka ilipopita vizazi viliongezeka katika sehemu hizo.

Tafakarini jambo hili. Mke aliyefukuzwa kwa kuitwa mgumba, mara nyingine aliletewa ugonjwa na mume yule yule aliyemfukuza. Waganga wa mizimu walikula mbuzi zake, na dawa iliyomfaa ilikuwa sindano, kwake na kwa mumewe pamoja.

Mirija huziba kwa sababu nyingi, wala si kwa zinaa tu. Huko Uingereza, Lesley Brown alikosa mimba miaka mingi kwa sababu mirija yake ilikuwa imeziba. Daktari Patrick Steptoe, mtaalamu Robert Edwards na msaidizi wao Jean Purdy walitoa yai lake, wakaliunganisha na mbegu ya mumewe katika chombo cha kioo, kisha wakalirudisha tumboni mwake. Tarehe 25 Julai 1978 alizaliwa binti, Louise Brown. Watu wakasema ni mtoto wa chupa. Lakini alikaa katika chombo siku chache tu. Miezi yote iliyobaki alikaa tumboni mwa mama yake kama sisi sote. Mwaka 2010 Edwards alipewa tuzo ya Nobel.

Siku zile Kardinali Albino Luciani, Patriarka wa Venezia, aliulizwa maoni yake. Alimtakia mtoto heri, akasema hawezi kuwahukumu wazazi wake, lakini hakuona sababu ya kuyaacha mafundisho ya Kanisa. Mwezi wa Agosti wa mwaka ule ule alichaguliwa kuwa Papa, akaitwa Yohane Paulo I. Tuushike moyo huo katika yote yafuatayo.

Yai la Lesley Brown lilikuwa lake mwenyewe. Hatua nyingine ilifuata upesi. Katika miaka ya 1983 na 1984, huko Australia na Marekani, walizaliwa watoto wa kwanza kwa yai la mwanamke mwingine. Siku hizi kazi hiyo hufanyika hivi. Mwanamke mwenye kutoa mayai huchomwa sindano siku kadhaa ili mayai mengi yaive kwa mara moja, kisha hutolewa kwa sindano ndefu. Yanaunganishwa na mbegu ya mume, na mimba changa moja au mbili hutiwa katika tumbo la mke aliyetayarishwa kwa dawa. Nyingine hugandishwa kwa baridi kali, nyingine hutupwa.

Mambo haya hayakukaa mbali nasi. Mwaka 2004, hospitali ya Women's Hospital International ya Bukoto, Kampala, ilimleta mtoto wa kwanza wa Uganda aliyetungwa katika chombo. Nairobi walifuata mwaka 2006. Na tarehe 29 Novemba 2023, katika hospitali hiyo ya Bukoto, bibi mwenye miaka 70 alijifungua mapacha, mvulana na msichana, kwa yai la mwanamke mwingine. Kabla ya kupata uzazi alikuwa amedharauliwa miaka mingi kwa ukosefu wa mtoto. Habari hiyo ilifika mpaka kwetu, na ndiyo iliyowaamsha wale wawili.

Kanisa lilianza kusema kabla ya hayo yote. Tarehe 29 Septemba 1949, Baba Mtakatifu Pius XII aliwafundisha madaktari Wakatoliki kwamba mume na mke peke yao wana haki ya kuzaa mmoja kwa mwenzake, na mtu wa tatu hana nafasi katika jambo hilo. Tarehe 22 Februari 1987, katika maagizo yaitwayo Donum Vitae, Roma ilieleza tena: uzazi usitengwe na tendo la ndoa, yai au mbegu ya mtu wa nje huvunja umoja wa ndoa, na mimba changa ni uhai wa mtu, haifai kugandishwa wala kutupwa. Tena mtoto ni zawadi. Hakuna awezaye kumdai kama mtu adaivyo mali yake.

Labda msomaji atasema: "Kanisa halina huruma. Mbona Sara alimtumia Hagari?" Naam, tumsome Hagari. Sara na Abrahamu walichoka kungoja, wakamwingiza mwanamke wa tatu ili wapate mtoto. Mtoto alipatikana. Lakini Hagari hakutoweka baada ya kuzaa. Kulikuwa na dharau, wivu na machozi, na mwisho mama na mtoto walitupwa jangwani. Vivyo hivyo mwenye kutoa yai ni mtu, si ghala. Huenda ni msichana mwenye shida ya karo, na sindano zile zina hatari zake. Na mtoto akikua, akiuliza hesabu ya jina lake inaanzia kwa nani, tutamjibu nini?

Lakini tusiache kusoma mpaka mwisho. Mungu alisikia sauti ya Ishmaeli kule jangwani, akamfungulia Hagari kisima. Hakumtupa mtoto kwa sababu ya namna alivyopatikana. Donum Vitae yenyewe yafundisha kwamba kila mtoto ajaye duniani apokewe kama zawadi hai ya wema wa Mungu. Akiletwa kisimani kwa ubatizo mtoto wa namna hiyo, asisikie mnong'ono wo wote kwetu.

Je, walio tasa wakae tu? Sivyo. Dawa inayoponya mwili ni njema: kutibu maambukizo, kuzibua mirija kwa upasuaji, kusaidia yai liive kwa wakati wake. Waende hospitali wote wawili, mume akitangulia. Kilichofungwa kwa Mkatoliki ni kumweka mtu mwingine mahali pa mume au pa mke, na kumtengeneza mtoto nje ya ndoa yao.

Ndoa yao nayo ni ndoa kamili. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1084, yasema wazi kwamba utasa haukatazi ndoa wala hauibatilishi. Basi mwenye kumfukuza mke kwa kukosa mtoto asiseme Kanisa limemruhusu.

Tena kuna watoto wasio na wazazi. Ebola iliyotangazwa kwetu tarehe 1 Agosti 2018, ikaisha tarehe 25 Juni 2020, iliua watu zaidi ya 2,200, wengi wao wa Beni, Katwa na Butembo. Vita vimeongeza yatima wengine. Sheria ya Jamaa ya 1987, iliyorekebishwa 2016, yaruhusu kumchukua mtoto kuwa wako mbele ya mahakama. Yatima si dawa ya utasa, wala asichukuliwe kwa kujifariji tu. Lakini wahenga walisema kwamba kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana.

Neno la mwisho ni letu sisi wenye watoto. Katika sikukuu moja ya akina mama tulisimama mbele ya kanisa, tukasema: "Waliozaa wasimame, tuwapigie makofi." Walisimama. Wachache walibaki wameketi, na mmoja wao alikuwa yule mke aliyeangalia chini. Hatukumwona siku ile. Tulimkumbuka jioni alipokuja mlangoni. Nani anaweza kumlaumu mtu anayeuza shamba ili aondoke katika benchi ile?

Tuliwaambia wale wawili yote haya, tukawaomba msamaha kwa makofi yale. Mume alinyamaza kitambo, kisha akasema hajapimwa hata siku moja. Wiki iliyofuata alikwenda hospitali pamoja na mkewe. Majibu yao si ya kuandikwa gazetini. Shamba bado ni lao, na Jumapili wanakuja Misa pamoja. Tuwaombee, na tusiwaulize tena lini.