Swali Lisilolingana na Kibao cha Mlangoni

Kila ninapojaza fomu ya kuomba fedha za utafiti, hukutana na sehemu inayonitaka nieleze matokeo kabla sijaanza kazi. Hapo humkumbuka Roy Britten.

Britten alisomea fizikia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alishiriki mradi wa Marekani wa bomu la atomiki. Baadaye aligeukia biolojia, akiwa katika idara ya Taasisi ya Carnegie mjini Washington iliyoanzishwa mwaka 1904 kuchunguza usumaku wa dunia. Idara hiyo ilimwachia nafasi ya kuuliza maswali yasiyolingana na kibao cha mlangoni.

Mwaka 1960, Julius Marmur na Paul Doty walikuwa wameonyesha kwamba nyuzi mbili za DNA zilizotenganishwa kwa joto huungana tena zikipozwa polepole. Britten na mwenzake David Kohne wakauliza: huchukua muda gani? Hoja yao ilikuwa nyepesi. Katika umati, mwenye ndugu wengi humwona mmoja wao upesi. Mwenye ndugu mmoja tu hutafuta sana. Wakaikata DNA vipande vidogo, wakaichemsha, wakaipoza, kisha wakapima kasi ya kuungana kwa kuzingatia wingi wake ndani ya maji na muda uliopita. Jenomu yenye mifuatano mingi tofauti ilipaswa kukawia zaidi.

DNA ya panya ni nyingi kuliko ya bakteria kwa mara mia kadhaa, hivyo ilitarajiwa kukawia yote. Kumbe takribani asilimia 10 iliungana haraka kuliko hata ya bakteria: mfuatano mfupi ulikuwa umerudiwa karibu mara milioni moja. Walipochapisha matokeo hayo mwaka 1968, ilidhihirika kwamba ukubwa wa jenomu si kipimo cha uchangamano wake.

Nani angeweza kuyaandika hayo kwenye fomu mapema? Na leo vipimo vingi vya virusi hospitalini hutegemea tabia hiyohiyo ya nyuzi kutafutana.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sisi tunamdai mtafiti aorodheshe vilivyomo mvunguni akiwa bado amesimama. Ndugu zangu mnaopanga bajeti, uwajibikaji ni haki ya mlipa kodi, nami siupingi. Ninachoomba ni fungu dogo kwa maswali ambayo majibu yake hayajulikani. Vyuo vikuu vilijengwa kwa ajili ya maswali hayo.