Ngolo, Reli Iliyong'olewa na Njia ya Mbamba Bay

Kila ninapofundisha historia ya miradi mikubwa ya kusini mwa Tanzania, huwataka wanafunzi wangu waanze na shamba la ngolo kabla ya kufika kwenye reli na bandari. Mashamba hayo yamo katika milima ya Umatengo, na mtu wa Mpepai hahitaji kuelezwa. Mvua zinapokaribia kwisha, nyasi hukatwa na kulazwa kwa mistari inayokatana na kufanya miraba. Kisha udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kufunika nyasi zile. Hubaki matuta ya kupandia maharage, na baadaye mahindi, pamoja na mashimo yanayozuia maji na udongo visiporomoke. Kwa anayepanga uchukuzi, funzo ni hili: udongo uliochimbwa hauendi mbali zaidi ya urefu wa mpini wa jembe. Hakuna kifusi cha kutupa, wala shimo lisilo na kazi.

Elimu hiyo ilikuwapo Mbinga wakati serikali ya Uingereza ilipoanza mpango wake wa karanga mwaka 1947, ikikusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika. Kongwa ilitangulia, na ukaribu wake na reli ya kati ulikuwa miongoni mwa sababu. Mitambo, mingi ikiwa mabaki ya vita, iliizidi nguvu bandari ya Dar es Salaam pamoja na reli yake. Ugumu wa udongo na uhaba wa mvua ulikuja kueleweka vema wakati gharama zimekwisha kuingiwa. Kwa ajili ya mashamba ya Nachingwea ilijengwa bandari ya kina kirefu Mtwara, na reli ya kuziunganisha. Mpango ukaachwa mwaka 1951, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimeteketea. Reli ilikosa mizigo ya kutosha. Ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kung'olewa.

Wengi huuhesabu mpango huo kuwa kosa la kilimo. Mimi huuona pia kuwa kosa la uchukuzi: vyombo vilisafirishwa kwanza, ardhi ikaulizwa baadaye.

Nalikumbusha jambo hili kwa sababu bandari ile ya Mtwara leo ni lango la ushoroba unaoishia Ziwa Nyasa. Barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita zipatazo 66, imekwisha kujengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Makaa ya mawe ya Ngaka husafiri kwa malori hadi Mtwara, mwendo wa zaidi ya kilomita 600 kutoka Songea peke yake. Mbamba Bay inajengewa bandari mpya, na reli ya kuvuka kusini yote, yapata kilomita 1,000, imo katika mipango ya serikali. Siipingi miradi hii. Mkulima wa kahawa aliyewahi kukwama matopeni na magunia yake anajua thamani ya lami kuliko mhadhiri yeyote.

Hata hivyo, jengo lililokamilika halionyeshi kila kilichobebwa ili lisimame. Kokoto zilitoka kilima kipi? Mchanga ulitoka mto upi? Kifusi kilimwagwa bonde gani? Mkandarasi asiyebanwa na mkataba huchagua machimbo ya karibu na dampo rahisi, na katika nchi ya miteremko mikali dampo rahisi ni chini ya barabara. Mvua za Novemba au Desemba zikianza, udongo huo huanza safari ya pili, ambayo haimo katika hesabu ya mtu, kuelekea mito na ziwa. Huko yuko mbasa, samaki anayepanda mito kutaga mayai kwenye changarawe safi. Tukiizoa changarawe hiyo kwa ujenzi, au tukiifunika kwa tope, mvuvi wa pwani ya Nyasa atakuwa ameilipia barabara kwa wavu mtupu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ya athari ifanyike kabla ya mradi mkubwa kuanza. Ni hatua kubwa kuliko yote aliyoyajua mpangaji wa mwaka 1947. Pungufu ninaloliona ni kwamba majadiliano yetu hukaa kwenye eneo la mradi, na kuisahau njia ya lori. Ningependa kila mkataba wa ujenzi uwe na ratiba ya mizigo iliyoandikwa kwa Kiswahili: machimbo yatakayotumika, njia zitakazopitiwa, miezi ambayo uchimbaji utasimama, mahali pa kifusi, na fedha zilizotengwa kufukia mashimo. Isomwe katika mkutano mkuu wa kijiji kabla lori la kwanza halijafika, na mkandarasi asilipwe malipo ya mwisho mpaka kijiji kikague.

Ndugu zangu watumishi wa umma watasema utaratibu huo unachelewesha kazi. Utachelewesha, ndiyo. Lakini reli ya Nachingwea ilijengwa kwa haraka, na haikudumu hata miaka 20.