Frasila na Kiu: Habari ya Kupima Maji ya Mwili

Mtu atokaye Mgori kwenda kusini, akaupita mji wa Singida na kushika njia ya Manyoni, huikaribia nchi ambayo misafara ya karne ya 19 iliiita Mgunda Mkali, yaani shamba lenye ukali wa moto. Lilikuwa pori la miiba kati ya Ugogo na Unyanyembe, lenye maji machache. Burton alilipita mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871, na wote wawili waliliandika jina hilo. Njia hiyo inatupa swali lifaalo kuchunguzwa: mtu afanyaye kazi juani, ni nani ampimaye maji ya mwili wake, na kwa kipimo gani?

Wafanyabiashara wa zama zile walijua sana kupima. Pembe ya ndovu ilihesabiwa kwa frasila, nayo frasila moja ni ratili 35 hivi, au kilo 16. Mzigo wa mpagazi ulikaribia frasila mbili. Lakini yeye aliyeibeba pembe begani hakuwekwa katika mizani. Uzito wa mzigo ulijulikana. Maji yaliyomtoka mchukuzi yalipotea katika vumbi bila ya hesabu.

Wala tusidhani kwamba wapagazi walikwenda bila ya elimu. Palipokuwa hapana maji walifanya tirikeza: walikula na kunywa, wakajaza vibuyu, wakaondoka adhuhuri, wakaenda hata jioni, wakalala pasipo maji, na kesho yake mapema wakakiwahi kisima kingine. Hicho nacho kilikuwa kipimo, maana ndani yake mlikuwa na hesabu ya jua, ya mwendo na ya kibuyu. Upungufu wake ni kwamba kilipima njia, hakikumpima mtu. Na dhaifu aliyehitaji zaidi ya wenzake hakuwa na fungu lake katika hesabu ile.

Wahenga walisema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Kwa habari ya kiu, msemo huo ni kweli nusu tu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Edward Adolph na wenzake waliwachunguza askari katika majangwa ya Marekani, wakawapima uzito kabla ya kazi na baada yake. Kitabu chao cha mwaka 1947 kilionyesha kwamba mtu atokwaye na jasho jingi hunywa pungufu ya apotezavyo, hata maji yakiwa tele karibu naye, na deni hilo hulilipa zaidi akaapo kula. Basi mwenye kiu mwenyewe haijui kiu yake yote. Mizani huijua vizuri zaidi: kilo moja iliyopungua katika saa chache za kazi ni karibu lita moja ya maji.

Hata hivyo mizani peke yake haitoshi, kwa kuwa uzito hubadilishwa pia na chakula. Rangi ya mkojo husaidia, kwani mkojo uliokolea ni dalili ya upungufu. Lakini mtu akinywa mengi kwa haraka, mkojo hutakata kabla mwili haujashiba. Kwa hiyo wataalamu hushauri vitu vitatu vitazamwe pamoja kila asubuhi: uzito, mkojo na kiu. Viwili vikishuhudia jambo moja, yafaa kuamini. Wakimbiaji mashuhuri wa Kenya nao walipimwa, na taarifa ya mwaka 2008 ilieleza kwamba, wakinywa kwa hiari yao tu, walibaki na maji ya kutosha siku hadi siku. Ila wao walikuwa katika nyanda za juu zenye ubaridi.

Singida imemtoa Alphonce Simbu, bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2025, na wakimbiaji wa daraja lake huweza kupata mizani na daktari. Mkulima wa Mgori je? Gunia lake la alizeti litapimwa sokoni, kama pembe ilivyopimwa zamani, na mikono iliyolima itarudi nyumbani bila kuulizwa. Elimu ya kumpima si ghali: kiu yake, mkojo wa alfajiri, na mizani ya zahanati apatapo nafasi. Kilichokosekana katika Mgunda Mkali hakikuwa mizani. Mizani ilikuwako, ila haikuelekezwa kwa mtu.